Nyongeza ya Bi Mwanamkasi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa soko!

Soko la nani?

La wenye midomo na vikapu!

Kikapu kitupu husemaje?

Nijaze!

Na kikishajaa?

Hakisemi kimejazwa na nani!

Wewe wa nyuma sijakusikia. Ngano haitembei kwa mguu mmoja, bwana. Mimi nikiita, nawe itikia, la sivyo nakunja maneno yangu nikalale. Haya, tuko pamoja? Tuko pamoja.

Zamani hizo, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na mji ukiitwa Kiunzani. Katika Kiunzani palikuwa na soko. Na katika soko palikuwa na mdomo. Mdomo huo ulikuwa wa Bi Mwanamkasi.

Jamani, wako watu waliojaliwa uzuri, wako waliojaliwa mali. Bi Mwanamkasi alijaliwa kupatana bei. Wauza samaki wakimwona na kikapu chake walianza kupunguza hata hajatoa salamu. Akiambiwa bei, anacheka. Akipunguziwa, anaondoka. Akiitwa arudi, anarudi polepole kama hataki, anachukua kitu kwa bei aliyoitaka tangu mwanzo. Kisha anakinga mkono na kusema, "Na nyongeza yangu?"

Nyongeza mnaijua. Umepimiwa mchele wako, umelipa, halafu mwuzaji anachota konzi nyingine anakutilia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Kwingine ni hisani ya mwuzaji. Kiunzani ilikuwa sheria. Mwuzaji aliyeahidi nyongeza mbele za watu kisha akainyima, alikunja jamvi lake papo hapo, na jamvi hilo halikutandikwa tena katika soko lile. Kwa hiyo watu wa Kiunzani waliogopa vitu viwili tu, Mungu na kurudi nyumbani bila nyongeza.

Bi Mwanamkasi alikuwa na mtoto mmoja tu, Mishi, na alimpenda kuliko macho yake. Mishi aliolewa ng'ambo ya mto, kijiji cha Mkinduni, na kijana aliyeitwa Shekue. Huko akapata mimba, mimba ya kwanza. Na mila ya watu hao, kama ilivyo kwa wengi wetu, mimba ya kwanza hurudi kwa mama. Mwezi wa saba ukiingia, binti hufunga kitita chake akaenda kujifungulia mikononi mwa mzazi wake.

Basi Bi Mwanamkasi akawa anamngoja Mishi. Na mama akingoja mjukuu, hununua.

Sasa siku moja sokoni akaingia mwuzaji mgeni. Kanzu nyeupe, meno meupe, tabasamu halifungiki. Hakuna aliyejua jina lake, ila jamvi lake lilikuwa refu kuliko majamvi yote na limejaa, basi watu wakamwita Bwana Tele. Mikeka tele, vyungu tele, vikapu tele. Na bei? Bei ilikuwa ya kuokota.

"Njooni, mabibi! Njooni, mabwana!" aliita. "Kwangu mimi nyongeza haina kipimo. Omba nyongeza uitakayo, utapewa. Sharti langu ni moja tu. Usiulize kitu kimetoka wapi."

"Hilo tu?" watu wakasema.

"Hilo tu."

"Aa, hilo dogo!"

Ni dogo kweli, ama si dogo? Msinijibu bado.

Nyuma ya jamvi la Bwana Tele palikuwa na bohari la mawe, lenye mlango mmoja na dirisha la juu kabisa, dogo kama la kupitisha paka. Kila anachotaka mteja, Bwana Tele aliingia humo, akatoka nacho.

Bi Mwanamkasi akaenda na shoga yake, Bi Esha. Akaona mkeka wa ukindu, rangi nyekundu na nyeusi, umesukwa ukasukika. Akapatana. Bwana Tele hakubisha hata kidogo, akapunguza, akapunguza tena.

"Na nyongeza yangu?"

"Mkeka wa pili, Bi Mwanamkasi. Mdogo, wa kumlaza mtoto."

Mkeka mzima! Nyongeza gani hiyo? Akiwa anaondoka alisikia kutoka bohari mdundo wa watu wanaoimba, kwa mbali, ti-ti, ti-ti. Akasema, "Bwana huyu ana wafanyakazi wenye furaha." Akaenda zake.

Akarudi mara ya pili. Akapatana, akapunguziwa, akakinga mkono, akapewa mkeka juu ya mkeka. Safari hii wimbo wa bohari aliupata vizuri zaidi, akaondoka nao mdomoni, anauvumisha njia nzima mpaka Bi Esha naye akaushika, na baadaye mji mzima.

Akarudi mara ya tatu. Akapatana, akapunguziwa, akakinga mkono. Na wakati Bwana Tele ameingia kumtafutia nyongeza, mlango ukiwa wazi kidogo, neno moja la wimbo likatoka zima zima. Nyongeza.

"Shoga, umesikia?" Bi Mwanamkasi akacheka. "Hata watu wake wanaimba nyongeza!"

Lakini kicheko chake hakikufika mwisho. Kitu kilimgusa. Bwana Tele alipotoka, akamwambia, "Bwana Tele, hebu, mikeka hii kwani inasuk..."

Bwana Tele akainua kidole. "Sharti, Bi Mwanamkasi."

Bi Esha akamfinya. "Shoga, ukiuliza sana utanunua lini? Chukua twende."

Bi Mwanamkasi akautazama mkeka. Ulikuwa mzuri. Akalimeza swali, na kwa kuwa mkeka ulikuwa mzuri, swali lilishuka bila kukwaruza. Nyumbani akaikunja mikeka yote akaipandisha darini, haikulaliwa wala haikutandikwa. Ilikuwa ya Mishi, na mikeka ya mwenye kujifungua huwezi kuianza kabla mwenyewe hajafika.

Mwezi wa saba ukapita. Mishi hakuja. Wa nane nao ukapita. Mishi hakuja. Bi Mwanamkasi akanung'unika kwa majirani, "Mkwe wangu huyu hana adabu. Amemng'ang'ania mke wake mpaka lini? Au kwao hawajui mila?" Lakini kwenda kumdai binti kwa mkwewe aliona haya. Mama hajipeleki kwa mkwe kama mdai madeni.

Mpaka asubuhi moja akasikia hodi. Shekue huyo, amebeba kikapu cha kamba wakavu na kuku wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekumbuka leo?"

"Nisamehe, mama. Nimekuja kuwajulia hali. Nikasema mtoto pengine kashazaliwa, nisije mikono mitupu. Mishi hajambo?"

Bi Mwanamkasi akamkodolea macho. "Mishi? Si yuko kwako?"

"Kwangu, mama? Alifunga kitita akaja kwako siku ileile mwezi wa saba ulipoandama. Nilimvusha mto mwenyewe. Akaniambia nirudi, anapita sokoni kumtafutia mtoto vitu, kisha anakuja kwako."

Mnaona? Mume anajua mke yuko kwa mama. Mama anajua binti yuko kwa mume. Katikati hapo mtu anaweza kupotea na asitafutwe na yeyote, maana kila mmoja ana adabu za kumngoja mwenzake.

Bi Mwanamkasi akataka kutoka mbio kumtafuta. Lakini mkwe ni mkwe, hata siku ya msiba hakalishwi sakafuni patupu. Akapanda darini akashusha mkeka, akautandika, akaupapasa kwa kiganja kuunyoosha. Kiganja kikasimama.

Akaupapasa tena. Akauinamia.

Sikilizeni. Mkeka ni kili, yaani mikanda ya ukindu iliyosukwa mirefu, ikashonwa mmoja kwa mwingine. Msukaji wa mkono wa kulia, ukili wake hulala huku. Mishi alikuwa mashoto. Bi Mwanamkasi alimfundisha kusuka wakiwa wamekaa uso kwa uso, mama kulia, mtoto kushoto, na ukili wa Mishi ulilala kule. Kiunzani wala Mkinduni hakukuwa na mwingine kama yeye. Na mkeka huu, ukili wote ulilala kule.

Akashusha wa pili. Kule. Akashusha wa tatu. Kule. Akashusha na ile ya nyongeza yote, na kila mmoja ulilala kule, mpaka chumba kikajaa mkono wa mwanawe.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Mwanamkasi alilia, sikufichi, alilia mpaka Shekue akalia naye. Kisha akajifuta, akajifunga kibwebwe, akasema, "Twende."

Hawakupita mbele. Walizunguka nyuma ya bohari, wakasimama chini ya lile dirisha dogo. Na pale, karibu, wimbo ule ambao mji mzima uliuvumisha ukasikika wote. Nisaidieni kuuitikia:

*Suka, mwenzangu, suka,*

*Wametaka nyongeza!*

*Nilikuwa naondoka,*

*Wametaka nyongeza!*

*Mama yangu aningoja,*

*Wametaka nyongeza!*

Sauti ya kuanzisha ilikuwa ya Mishi.

Shekue akaokota jiwe kubwa. "Mama, simama kando nivunje mlango huu!"

"Liweke chini, mwanangu," Bi Mwanamkasi akasema. "Ukivunja mlango, wewe utaitwa mwizi na yeye ataitwa mwenye mali. Na sokoni pale wote ni wateja wake. Watamtetea. Jana hata mimi ningemtetea."

"Sasa tutafanyaje?"

"Tutanunua."

Haya, wasikilizaji wangu, sogeeni. Bi Mwanamkasi akatia kikapu kwapani akaingia sokoni kwa mlango wa mbele, saa ambayo soko limejaa pomoni. Anatembea kama mtu aliyelala vizuri. Bi Esha akamdaka njiani, "Shoga, leo umechelewa!" Bi Mwanamkasi akampita. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye jamvi la Bwana Tele, akachagua mkeka, akaambiwa bei, akalipa.

Akalipa! Bila kupatana! Soko zima likageuka. Muuza nazi akaangusha nazi.

"Bi Mwanamkasi," Bwana Tele akasema huku anacheka, "leo unaumwa?"

"Siumwi. Nimelipa ulichotaka. Sasa nataka nyongeza yangu. Ulisema nyongeza gani inatolewa hapa?"

"Yoyote."

"Wa nyuma hawajasikia."

"Yoyote!"

"Muuza nazi yule ana sikio bovu."

"YOYOTE!" Bwana Tele akapiga kelele mpaka kunguru wakaruka. "Omba uitakayo!"

"Ahsante. Basi nyongeza yangu ni mikono iliyousuka mkeka huu. Na miguu inayoibeba mikono hiyo. Na kichwa kinachoiamuru. Vyote vikiwa pamoja, kama Mungu alivyovipanga."

Tabasamu la Bwana Tele, lile lisilofungika, likafungika.

"Bi Mwanamkasi, hilo ni swali! Umeuliza kitu kimetoka wapi!"

"Mimi nimeuliza? Jamani, mmenisikia nikiuliza?"

"Hukuuliza!" watu wakasema. "Umeomba!"

"Chukua mkeka mwingine," akasema Bwana Tele.

"Ninayo."

"Chukua mitatu. Chukua na vyungu."

"Nimeomba mikono."

"Chukua nusu ya jamvi hili!"

Hapo ndipo alipoharibu. Watu wakatazamana. Mtu hatoi nusu ya jamvi ili kuficha mikono miwili, isipokuwa mikono hiyo ina jambo. Mzee Mbwarahaji, aliyekuwa mkubwa wa soko, akaja akaukamata upindo wa jamvi la Bwana Tele. "Bwana, umeahidi mara tatu. Toa nyongeza au nikukunjie."

Bwana Tele akalitazama jamvi lake na mali yake yote iliyo juu yake. Mchoyo, jamani! Hata hapo alipiga hesabu. Akaona, msukaji mmoja nitapata mwingine. Akaenda, akafungua mlango, akamtoa Mishi.

Mishi akatoka anakinga macho kwa jua. Tumbo liko mbele, miguu imevimba, na vidole, ee Mola wangu, vidole vimechanwachanwa na ukindu kama vimeparuriwa na paka. Shekue, aliyekuwa amejibanza kati ya watu, akamkimbilia akamshika.

"Mama," Mishi akasema, "nilidhani hutakuja."

"Nani alikuweka mle, mwanangu?"

"Alinikuta sokoni natafuta kitambaa cha mtoto. Akasema, nisukie mikeka miwili nikupe kitambaa, utafika kwa mama kabla ya jioni. Nikaingia, akafunga. Nikasuka miwili. Nikasema, nifungulie. Akasema, mteja ametaka nyongeza. Nikasuka nyongeza. Nikasema, nifungulie. Akasema, mteja amerudi, ametaka nyongeza. Kila nikikaribia kutoka, mama, kuna mtu huku nje anataka nyongeza." Akawatazama watu. "Mteja huyo alikuwa nani?"

Bi Esha alitazama miguu yake.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Ungesema hukujua? Ni kweli, Bi Mwanamkasi hakujua. Lakini alikuwa na mdomo wa kweli, na mdomo wa kweli haukimbii siku ya shida.

"Ni mimi," akasema. "Swali lilinijia nikalimeza, kwa sababu mkeka ulikuwa mzuri. Nisamehe, mwanangu. Nimekufungia kwa mdomo wangu, na leo nimekufungulia kwa mdomo wangu."

Mishi akamshika mama yake mkono. Machozi yakamtoka. Kisha akasema neno moja tu. "Wenzangu."

"Wako wengi?"

"Wamejaa."

Bi Mwanamkasi akawageukia watu wa soko. Hakuhubiri, hana kazi hiyo. Alisema tu, "Bwana huyu aliahidi nyongeza yoyote. Nani mwingine ana nyongeza yake hapa?"

Muuza nazi akatangulia. "Mimi nilinunua chungu. Nataka mfinyanzi!"

"Mimi nilinunua kikapu. Nataka aliyekisuka!"

"Mimi nilinunua kinu. Nataka mchongaji!"

Soko zima likakinga mikono. Bwana Tele akageuka huku, akageuka kule, na Mzee Mbwarahaji ameng'ang'ania upindo. Mlango ukafunguliwa wote. Wakatoka wasukaji, wakatoka wafinyanzi, wakatoka wachongaji, waume kwa wake, kila mmoja mtoto wa mtu, kila mmoja ana kwao ambako walidhani yuko kwingine. Wakapita katikati ya watu waliokuwa wamebeba vitu vyao. Na watu wa Kiunzani, waliozoea kukagua bidhaa mpaka uzi wa mwisho, siku hiyo walishindwa pa kuweka macho.

Na Bwana Tele? Wapo wanaosema alikuwa zimwi. Mimi nasema hapana, msimsingizie zimwi. Alikuwa mtu kama wewe na mimi, mwenye kanzu safi. Alibaki na jamvi lake na bohari tupu. Alipouza kilichobaki ikambidi asuke mwenyewe. Mkeka wake wa kwanza ulitoka kama kiota cha kunguru, akautandaza sokoni, na kila aliyepita alimuuliza kwa adabu kabisa, "Bwana, hiki kimetoka wapi?" Siku ya pili hakuonekana.

Mishi alijifungua salama, mtoto wa kiume, kwa mama yake. Arobaini ilipotimia hakwenda mbali. Yeye na wenzake wakatandika jamvi lao palepale sokoni, kila mmoja amekaa nyuma ya kazi yake, uso unaonekana.

Bei, kusema kweli, ilipanda.

Ndipo siku moja Bi Esha akaja nyumbani kwa shoga yake, amefura. "Mwanamkasi! Umetuharibia soko! Mkeka mmoja sasa kwa bei ile ile niliyokuwa nikipatia mitatu! Mimi mjane, niambie, nitanunua nini?"

Bi Mwanamkasi hakubishana. Neno la shoga yake lilikuwa na uzito, maana mjane ni mjane na mfuko wake anaujua yeye. Akamshika mkono, wakaenda mpaka sokoni, wakasimama mbele ya Mishi. Mishi alikuwa anasuka, mtoto amelala ubavuni pake, makovu ya vidole bado mekundu.

"Huyu hapa," Bi Mwanamkasi akasema. "Ukitaka apunguze, mwambie yeye."

Bi Esha akafungua mdomo. Akamtazama Mishi. Akavitazama vile vidole. Mishi naye akamtazama, anangoja, hana hasira wala haogopi, mtu aliye juu ya jamvi lake mwenyewe, anayeweza kusema ndiyo na anayeweza kusema hapana.

"Mwanangu," Bi Esha akasema mwishowe, "mimi leo nina uwezo wa mkeka mdogo tu."

"Mdogo upo, mama. Karibu ukae."

Akakaa.

Ngano nimeikunja. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi niliyeisuka, nanyi mnajua ninakokaa.